Maziwa ya Mama Aliye Safarini: Kwa Nini Titi Lisilokamuliwa Hukauka

Wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, kina mama wenye watoto wachanga husafiri kwa sababu nyingi. Mfanyabiashara wa mchele hufuata wateja Mwanza au Dar es Salaam. Mwalimu wa sekondari huitwa kusahihisha mitihani ya taifa mbali na nyumbani. Mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001, na ule wa Buzwagi ulioufuata mwaka 2009 nje kidogo ya mji wa Kahama, ilileta kazi za zamu ambazo humweka mtu kambini siku kadhaa mfululizo. Buzwagi uliposimamisha uzalishaji mwaka 2021, riziki iliyokuwa karibu na mlango ikawa, kwa baadhi ya watu, ya kufuatwa Geita au mbali zaidi.

Mama huyo msafiri hurudi baada ya siku 4 au 5 na kukuta maziwa ni haba. Mwenyewe husema yamekauka. Jirani husema yamechacha. Mtoto wa miezi 4 huanzishiwa uji mwepesi au maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji, na kuhara hakukawii kufuata. Katika makala haya tutachunguza kinachotokea ndani ya titi wakati mama yuko mbali na mtoto, na kwa nini hasara hii, mara nyingi, inaweza kuzuiwa kwa mikono miwili safi na kikombe.

MTUNGI AU KISIMA?

Watu wengi hulifikiria titi kama mtungi: kinachotumika leo kimepungua, kisichotumika kimebaki kwa ajili ya kesho. Mama mwenye fikra hiyo hujizuia kukamua akiwa safarini ili "amwekee mtoto". Nia yake ni njema, lakini matokeo yake ni kinyume kabisa cha alichokusudia.

Mfano ulio bora zaidi wakazi wa Shinyanga wanao tayari. Wakati wa kiangazi huchimbwa visima katika mchanga wa mto uliokauka. Maji hupenya polepole na kuingia shimoni mpaka yafikie kimo fulani, kisha hutulia. Yakiachwa hapo mchana kutwa, hayaongezeki hata kata moja. Yakichotwa, huanza tena kuingia; na kadiri shimo linavyokaribia kuwa tupu, ndivyo yanavyoingia kwa kasi zaidi. Ikifika jioni, aliyechota mara 8 amepata maji mengi kuliko aliyechota mara 2, ingawa kisima ni kilekile.

Titi hufanya kazi kwa namna inayofanana sana na hiyo. Katika miaka ya 1990 Peter Hartmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Australia Magharibi walipima jinsi ukubwa wa titi unavyobadilika kabla na baada ya mtoto kunyonya, na kutokana na vipimo hivyo wakakokotoa kasi ya utengenezaji wa maziwa. Waligundua kwamba kasi hiyo si moja kwa siku nzima. Titi lililonyonywa karibu lote hutengeneza maziwa haraka, na titi lililojaa hutengeneza polepole. Waligundua pia kwamba matiti hutofautiana sana kwa kiasi kinachoweza kukaa ndani yake kwa wakati mmoja: kuanzia chini ya mililita 100 hadi zaidi ya mililita 500. Tofauti hiyo haionekani vizuri kwa macho, maana sehemu kubwa ya umbo la titi ni mafuta ya mwili. Mama ambaye matiti yake yana nafasi ndogo ya kuhifadhi anaweza kumlea mtoto wake vizuri kama mwingine yeyote, ila yeye hawezi kukaa muda mrefu bila kunyonyesha au kukamua. Kwa hiyo wasafiri wawili waliokaa kiti kimoja ndani ya basi wanaweza kupatwa na mambo tofauti, na hakuna sababu ya mmoja kumcheka mwenziwe.

NDAMA, PAKA NA MIFUKO YA KARATASI

Maziwa hutengenezwa na seli zilizozunguka vijifuko vidogo mno ndani ya titi. Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka habari kwenye ubongo, na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo humwaga homoni mbili katika damu. Ya kwanza ni prolaktini, inayoziamuru seli zitengeneze maziwa. Prolaktini hupanda kila mtoto anyonyapo, kisha hushuka tena baada ya muda, na kwa kawaida huwa nyingi zaidi usiku kuliko mchana. Yafaa msafiri akumbuke jambo hili la usiku.

Homoni ya pili ni oksitosini. Hii haitengenezi maziwa bali huyasukuma. Kila kijifuko kimezungukwa na seli zenye uwezo wa kujikunja kama misuli. Oksitosini inapozifikia hukibana kijifuko, na maziwa hutiririka kuelekea kwenye chuchu. Wafugaji wa Kisukuma wanaijua kazi ya homoni hii bila kulijua jina lake. Ng'ombe wa kienyeji hashushi maziwa mpaka ndama aletwe amnyonye kidogo. Ndipo mkamuaji huketi na kibuyu chake.

Oksitosini inazuiwa na hofu. Mwaka 1941 Ely na Petersen, watafiti wa Kimarekani, walimtisha ng'ombe kwa kumwekea paka mgongoni na kupasua mifuko ya karatasi karibu naye; maziwa hayakushuka kama kawaida. Mwaka 1948 Michael na Niles Newton, mtu na mkewe, walifanya jaribio la namna hiyo kwa mama anayenyonyesha, wakimsumbua kwa maumivu madogo, kwa maji ya barafu miguuni na kwa maswali ya hesabu. Siku za utulivu mtoto alipata kwa wastani gramu 168 za maziwa. Siku za usumbufu alipata 99. Mama aliposumbuliwa vilevile lakini akadungwa oksitosini, mtoto alipata 153. Maziwa yalikuwamo wakati wote. Kilichokosekana ni amri ya kuyatoa.

Basi mama anayejaribu kukamua katika choo cha kituo cha mabasi, huku kondakta akipiga kelele kwamba gari linaondoka, akapata matone machache tu, asihitimishe kwamba amekauka. Yuko katika hali ya ng'ombe mwenye paka mgongoni. Atafute pembe yenye utulivu, ajifunike kanga, aegemee, amfikirie mtoto wake au aitazame picha yake. Wengine husaidiwa na kitambaa chenye harufu ya mtoto. Ushauri huu unaweza kuonekana wa kitoto, lakini msingi wake ni wa kifiziolojia.

KEMIKALI INAYOSEMA "BASI"

Hapa tunaufikia mpaka wa mfano wetu wa kisima. Maji ya kisimani hutulia kwa sababu ya kimo chake. Je, titi nalo huacha kutengeneza maziwa kwa sababu ya kubanwa na ujazo peke yake?

Swali hili lilijibiwa kwa mbuzi. Ilijulikana kwamba upande mmoja wa kiwele ukikamuliwa mara nyingi zaidi, upande huo pekee huongeza maziwa. Pande zote mbili hupata damu ileile yenye homoni zilezile, kwa hiyo sababu haiwezi kuwa homoni za damuni. Lazima iwe ndani ya upande unaohusika. Mwaka 1984 Henderson na Peaker, katika Taasisi ya Utafiti ya Hannah huko Ayr, Uskochi, walieleza jinsi walivyoyazimua maziwa yaliyokuwamo kiweleni kwa kuingiza myeyuko wa sukari usiodhuru. Ujazo ulizidi, lakini utengenezaji wa maziwa haukupungua. Kinyume chake, uliongezeka. Ndipo ilipobainika kwamba ndani ya maziwa yenyewe mna kemikali inayoziambia seli "basi, yatosha". Maziwa yakikaa, kemikali hiyo hukaa nayo. Yakiondolewa, huondoka nayo. Wataalamu bado wanajadiliana kuhusu kemikali yenyewe: wako waliotaja aina ya protini, na wengine wameonyesha kazi ya serotonini.

Kwa binadamu ushahidi mmoja wa kuvutia ulitoka kwa wanawake wa jamii ya wavuvi wa Hong Kong walioishi mashuani na kuzoea kunyonyesha kwa titi la kulia tu, jambo lililoandikwa katika jarida la Lancet mwaka 1977. Titi la kulia lililea watoto. La kushoto, katika mwili uleule, lilinyamaza.

Ukimya huo ukirefuka, seli zenyewe huanza kufa na titi hurudi katika hali ya kupumzika. Kwa panya mabadiliko haya yanaweza kurudishwa nyuma katika siku 2 za mwanzo tu tangu watoto waondolewe. Kwa binadamu mambo huenda polepole zaidi, na hiyo ni bahati ya mama msafiri.

SAFARI YENYEWE

Tuseme mwalimu mwenye mtoto wa miezi 4, akaaye Mwendakulima jirani na Buzwagi, anakwenda Dodoma kwa kazi ya siku 3. Mtoto wa umri huu hunyonya mara nyingi kwa siku, usiku ukiwemo. Utafiti mmoja wa Australia uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watoto wa kati ya mwezi 1 na miezi 6 walipata kwa wastani karibu gramu 790 za maziwa kwa siku, wengine chini ya 500 na wengine zaidi ya 1,300, wote wakikua vizuri. Mwalimu wetu analazimika kuuiga mwendo wa mtoto wake kadiri awezavyo.

Amnyonyeshe mtoto matiti yote mawili dakika za mwisho kabla ya kwenda stendi. Baada ya hapo akamue kila baada ya muda wa saa 3 hivi. Basi linaposimama abiria "wakachimbe dawa", au wapate chakula Singida, hapo ndipo pake. Ikiwa kituo ni cha dakika 10 tu, akamue kwa dakika 10. Mara kadhaa za kifupi hufaa kuliko mara moja ya kirefu iliyochelewa. Akiwa amekaa kiti cha dirishani na kujifunika kanga anaweza hata kukamua gari likiwa linakwenda. Afikapo Dodoma, akamue kabla ya kulala, mara moja katikati ya usiku, na alfajiri. Ile ya usiku ndiyo inayorukwa na wengi kwa sababu ya uchovu, nayo ndiyo yenye prolaktini nyingi.

Namna ya kukamua ni hii. Mama hunawa mikono kwa sabuni. Huweka kidole gumba juu ya titi na kidole cha shahada upande wa chini, kwenye ukingo wa lile duara jeusi linalozunguka chuchu. Husukuma vidole nyuma kuelekea kifuani, hubana, kisha huachia. Hurudia kwa mdundo kama wa mtoto anyonyaye, akizungusha vidole ili kila sehemu ya titi ifikiwe. Dakika ya kwanza huenda kisitoke kitu, asikate tamaa. Mtiririko ukipungua huhamia titi la pili, kisha hurudi la kwanza. Kazi yote huchukua dakika 20 hadi 30. Kuivuta chuchu au kuteleza vidole juu ya ngozi huumiza bila faida. Pampu za mkono zinazouzwa madukani zinafaa zikioshwa vizuri, isipokuwa ile ya kizamani yenye mpira wa kufinya, ambayo haisafishiki.

Sasa, maziwa hayo yapelekwe wapi? Ndani ya basi hakuna jokofu, na Dodoma si karibu na Kahama. Ikiwa hakuna njia salama ya kuyahifadhi, yamwagwe. Neno hili huwachoma wengi, na wapo wanaochelea kwamba maziwa yakimwagwa ardhini yatakauka na kifuani. Lakini tukirudi kwenye yale tuliyojifunza kwa mbuzi, tutaona kwamba faida ya kukamua safarini haimo katika kile kikombe. Imo katika titi lililoachwa tupu, ambalo limeondolewa ile kemikali na kupata amri ya kutengeneza mengine. Maziwa yaliyomwagwa kando ya barabara Singida ndiyo yatakayomwezesha mtoto kunyonya siku mama arudipo. Aidha, kukamua humkinga mama na uvimbe mchungu wa titi, ambao ukipuuzwa huweza kuishia katika jipu. Titi likiwa jekundu, la moto, na mama akapata homa, aende kituo cha afya, wala asiache kukamua.

Kuhusu kunywa maji: mama anywe kiasi cha kiu yake. Kunywa kupita kiasi hakuongezi maziwa, lakini wale wanaojinyima maji kutwa nzima kwa kuogopa kukosa choo wanajitesa bure.

YALIYOACHWA NYUMBANI

Maandalizi yaanze wiki 2 au 3 kabla ya safari, mama akikamua kidogo kila siku baada ya mtoto kushiba, hasa asubuhi. Katika jokofu lenye nyuzijoto 4 hivi maziwa hukaa hadi siku 4. Yakigandishwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri, hukaa miezi 6. Pasipo jokofu, kwa joto la Kahama, yahesabiwe muda wa saa 4 tu kivulini, katika chombo safi chenye kifuniko. Maziwa yaliyotulia hujigawa, mafuta yakaelea juu. Hayajaharibika, yatikiswe taratibu. Yakihitaji kupashwa moto, kikombe kiwekwe ndani ya maji ya vuguvugu, yasichemshwe. Mlezi amnyweshe mtoto kwa kikombe kidogo kilicho wazi, ambacho ni rahisi kuosha kuliko chupa na hakimzoezi mtoto chuchu ya mpira.

Wanafunzi wa hesabu wataona tatizo mara moja: siku 3 kwa gramu 790 ni zaidi ya kilo 2 za maziwa. Kwa mama mwenye friza hilo linawezekana. Kwa asiyenayo haliwezekani. Kwa hiyo, kwa mtoto aliye chini ya miezi 6, njia iliyo bora kuliko zote ni kumchukua pamoja na mlezi, na pale ambapo kazi ni ya wiki nzima au zaidi, mama aombe ruhusa asiende. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Pia humruhusu kumnyonyesha mtoto hadi muda wa saa 2 kwa siku wakati wa kazi. Mkuu wa shule anayepanga majina ya wasafiri angefanya vema kuisoma. Mtoto aliyekwisha timiza miezi 6 huwa na vyakula vingine, na safari ya mama humdhuru kidogo, ingawa kunyonya kunashauriwa kuendelea hadi miaka 2 na zaidi.

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI na anayenyonyesha kwa ushauri wa kliniki afuate maelekezo hayohayo, lakini asisafiri bila dawa zake za kutosha, wala asiache dawa za mtoto bila kumwelekeza mlezi.

JE, MAZIWA HUCHACHA KIFUANI?

Hapana. Maziwa ya chunguni huchacha kwa sababu bakteria huigeuza sukari yake kuwa asidi. Ndani ya titi mna kingamwili na protini zinazowadhibiti bakteria, na maziwa ya zamani huchanganyika na mapya mpaka yaondolewe. Hata hivyo imani hii haikuzuka hewani. Titi likijaa kwa muda mrefu, viungo vinavyozishikanisha seli hulegea. Chumvi ya damuni hupenya na kuingia katika maziwa, na sukari ya maziwa hupungua. Mama hurudi, mtoto huonja ladha ya chumvichumvi na kugeuza uso, na bibi aliyeketi pembeni hupata ushahidi wake. Dawa ni kukamua na kunyonyesha mara kwa mara. Ladha hurejea katika hali yake. Kiasi nacho huongezeka kwa siku chache, mtoto akiwekwa titini kila atakapo, mchana na usiku. Hata mama ambaye maziwa yake yamekwisha kukatika anaweza kuyarudisha kwa njia hiyohiyo, ila huhitaji majuma na msaada wa mhudumu wa afya.

Kwa wale ambao safari yao huishia katika machimbo madogo ya Geita, liko jambo la pili. Mvuke wa zebaki unaotoka wakati wa kuchoma dhahabu huingia mapafuni, na sehemu yake huweza kupita katika maziwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha maziwa ya kina mama wa maeneo ya machimbo ya Tanzania, Indonesia na Zimbabwe, ulikuta kiasi kidogo katika sampuli nyingi, lakini kikubwa mno katika chache. Mama anayenyonyesha asiache kunyonyesha kwa hofu hiyo. Asikae tu mahali zebaki inapochomwa, wala asiihifadhi ndani ya nyumba alalamo mtoto.

JARIBIO KWA SHULE ZENYE MBUZI WA MAZIWA

Chagueni mbuzi mwenye afya ambaye watoto wake wamekwisha achishwa kunyonya. Kwa siku 5 mkamueni saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, mkipima maziwa ya upande wa kulia na wa kushoto kwa silinda mbili tofauti. Pande hizo ni nadra kulingana, ndiyo maana siku hizi 5 ni za lazima. Kuanzia siku ya 6 hadi ya 15, ongezeni kukamua upande wa kulia peke yake saa 6 mchana. Kila siku gawanyeni jumla ya kulia kwa jumla ya kushoto, kisha choreni grafu ya uwiano huo dhidi ya siku. Elezeni kwa nini tumetumia uwiano badala ya kiasi cha kulia pekee, mkizingatia malisho, mvua na joto. Semeni pia grafu ingekuwaje kama utengenezaji wa maziwa ungetawaliwa na homoni za damuni peke yake. Mbuzi akiugua au akikataa kula, jaribio lisimamishwe, na siku hizo ziandikwe daftarini kama zilivyokuwa.